Nani Abaki Jikoni Mpira Ukichezwa?

Bwana Mhariri amenipa nafasi katika sehemu hii ya Kiswahili, nami naitumia kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo. Nataka kusema juu ya chakula tunachowaandalia rafiki zetu wanapokuja nyumbani kutazama mpira katika televisheni. Najua wako watakaocheka na kusema kwamba mtu aliyesoma shule hii miaka sita angeweza kupata jambo kubwa zaidi la kuwaandikia wenzake. Nawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wacheke.

Mwezi wa Agosti, mwaka 2025, nchi yetu ya Uganda pamoja na Kenya na Tanzania ziliandaa mashindano ya CHAN, yaani yale ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe. Wote mnakumbuka jinsi tulivyoanza vibaya kwa kufungwa na Algeria mabao 3 kwa 0. Halafu vijana wetu wakainuka, wakawafunga Guinea 3 kwa 0, na Niger 2 kwa 0. Basi Jumatatu, tarehe 18 Agosti, ikawa zamu ya kucheza na Afrika Kusini pale Namboole. Mimi sikupata tikiti. Nikasema, vema, nitawaalika rafiki zangu nyumbani, na kwa kuwa nilitaka wajue kwamba wamealikwa na mtu, nikaamua kupika pilau.

Niliwaalika watu wanane, wakaja kumi na wanne. Hilo halikunishangaza, maana kwetu mtu akialikwa huja na ndugu yake, na ndugu yake huja na jirani. Walikuwapo Waganda, Mnyankole mmoja, Walugbara wawili, na bwana mmoja wa Kisumu anayefanya kazi karibu nasi, hata ikawa lugha ya kumlaumu refa ni Kiswahili, ili kila mtu apate kushiriki. Nyama nilinunua kilo nne. Nusu ya fedha yake niliikopa, jambo ambalo mke wangu hakulijua mpaka atakapoyasoma haya.

Mchezo ulianza saa mbili za usiku. Makaa yalikuwa na unyevu, sigiri haikushika moto upesi, na pilau niliyotazamia iwe tayari wakati wa mapumziko haikuwa tayari. Tulikwenda mapumziko tukiongoza bao 1 kwa 0, watu wana furaha na njaa. Kipindi cha pili kilipoanza Afrika Kusini wakaanza kutuadhibu, na chakula kikaletwa katikati ya adhabu hiyo. Mmewahi kuona watu kumi na wanne wakila pilau magotini na macho yao hayako katika sahani? Wali ulimwagika mkekani. Mchuzi uliingia katika kiatu cha mtu. Kijana mmoja alisimama ghafula kumpigia kelele mlinzi wa pembeni, na sahani yake ikasimama naye kwa kitambo kidogo tu. Hakuna aliyeniambia kama pilau ilikuwa nzuri au mbaya, na naamini hakuna aliyejua.

Kisha vyombo vikakusanywa. Anakaa kwetu mdogo wangu wa kike, aliye kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Yeye akachukua sahani akaenda kuziosha bombani, nyuma ya nyumba. Mke wangu akarudi jikoni kuchemsha chai. Wakati huo Afrika Kusini wana mabao 3, sisi tuna 1, na baadhi ya wageni wameanza kutafuta viatu vyao. Dakika mbili hivi kabla ya 90 tukapata penalti, ikaingia. Nyumba ikapiga kelele. Yule mtoto akaja mbio, mikono imejaa povu la sabuni, akakuta mpira umekwisha kurudishwa katikati. Akasimama mlangoni kidogo, akakumbuka sahani, akarudi. Katika dakika za nyongeza tukapata penalti ya pili, nayo ikaingia, ikawa 3 kwa 3. Tukakumbatiana na watu tusiowajua majina. Mke wangu akatoa kichwa jikoni akauliza, "Tumefungwa tena?"

Usiku, wageni walipokwisha kuondoka, mdogo wangu aliniambia maneno haya bila hasira: "Kaka, katika nyumba hii anayecheza mpira ni mimi peke yangu. Na mpira wenyewe leo nimeusikia kwa masikio."

Ni kweli. Yeye ni winga wa kushoto katika timu ya wasichana ya shule yao. Mimi mara ya mwisho kugusa mpira nilikuwa ningali mwanafunzi hapa, na walionizoea watakumbuka kwamba sikuugusa mara nyingi.

Basi maoni yangu ni haya, na nayasema kwa ukali kidogo kwa sababu kosa lilikuwa langu. Chakula cha siku ya mpira hakifai kama kinamfunga mtu jikoni wakati mpira unachezwa. Kikiwa kitamu namna gani, kikiwa cha heshima namna gani, hakifai. Mwenye nyumba anayewaita watu kumi waje wafurahi, naye akawaacha wawili wa nyumbani mwake nyuma ya ukuta wakisikia furaha hiyo kama watu wanaosikia ngoma ya kijiji cha ng'ambo, huyo amekosa adabu kwanza kwa watu wake.

Nitajibiwa kwamba hiyo ndiyo desturi yetu. Nami nakumbusha desturi nyingine. Zamani katika Buganda wanawake hawakula kuku wala mayai, ingawa wao ndio waliofuga na wao ndio waliopika. Bibi zetu wengine walifikia uzee bila kuonja mapaja ya kuku waliowakata kwa mikono yao wenyewe. Leo hakuna kijana wa shule hii atakayethubutu kumwambia dada yake asile yai. Kwa nini basi tunamwambia, bila kutamka, asitazame penalti?

Tena msiniambie kwamba wapenzi wa mpira waende katika vibanda vya video huko mtaani. Nimekwenda vibandani miaka mingi na sina ugomvi navyo. Lakini kule ni mabenchi, jasho, na vijana wenye karatasi za kamari mkononi wanaoshangilia fedha zao wala si timu. Wasichana ni wachache sana, na mama mwenye mtoto mgongoni hana pa kukaa. Kwa wengi wao sebule ya nyumbani ndiyo mahali pekee wanapoweza kuutazama mpira, nasi tukiigeuza sebule kuwa hoteli yenye wahudumu, tumewafukuza na hapo pia.

Sasa niseme juu ya chakula chenyewe, maana kulaumu ni rahisi. Kipimo changu ni mambo matatu. Kiwe kimekwisha kupikwa kabla ya filimbi. Kiliwe kwa mkono mmoja, bila sahani wala kijiko, kutoka katika sinia moja inayopitishwa. Na kila aliye chumbani aweze kukila, awe wa dini gani au wa ukoo gani.

Kwa kipimo hicho, mfalme wa siku ya mpira ni muhogo. Chukueni muhogo mtamu, si ule mchungu ambao hauna budi kulowekwa na kukaushwa kwanza. Menyeni ganda lote, chemsheni mpaka uive barabara, kisha mkate vipande virefu kama vidole viwili vilivyoungana. Mkitaka, vikaangeni kidogo katika mafuta jioni ile, vipate ngozi ya kahawia. Vikipoa bado vinalika. Chumvi na pilipili viwe katika bakuli lake mbali, kwa kuwa si kila mgeni anapenda pilipili, na mtu aliyewashwa ulimi hawezi kufuata mchezo. Pembeni wekeni karanga za kukaanga. Fedha ya kilo moja ya nyama itanunua muhogo wa kuwashibisha watu wengi zaidi ya wale ambao kilo hiyo ingewaonjesha.

Gonja nalo ni chakula kizuri mno, lakini gonja la kuchoma lina ubaya wake: likipoa hukauka na kuwa gumu. Lichomwe nusu saa kabla ya mchezo, likunjwe katika majani ya migomba, lipelekwe sebuleni mara filimbi inapolia, na lisisubiri mapumziko. Kabalagala hazina shida hiyo. Zikiwa zimetengenezwa kwa ndizi tamu zilizoiva hasa na unga wa muhogo, zitakaa mpaka kesho yake na bado zitakuwa laini, kwa hiyo zaweza kupikwa siku iliyotangulia. Mandazi vile vile. Mayai ya kuchemsha ni mazuri kwa dakika kumi za kazi, ila wageni wapewe chombo cha kutupia maganda, la sivyo yatakutwa chini ya viti mpaka Krismasi.

Chapati zipikwe mchana, zifungwe katika kitambaa safi, zikatwe robo robo. Kilo moja ya unga hutoa chapati kumi au kumi na mbili kwa mkono wa kawaida, basi hesabu si ngumu. Najua hapa wengi watauliza habari za rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai ndani, nayo ni fahari ya barabara zetu. Naipenda sana, lakini naipinga siku ya mpira. Rolex hupikwa moja moja, naye mpikaji husimama mbele ya kikaango kwa kila mgeni. Watu kumi na wanne ni rolex kumi na nne, nazo ni kipindi kizima cha mchezo. Anayeitaka ainunue kwa kijana wa kona kabla hajaingia nyumbani, na akinunua mbili atakaribishwa zaidi.

Nsenene ningeziweka juu ya vyote, kwa maana huliwa moja moja kama karanga, na kazi ya kunyonyoa mbawa na miguu hufanywa na watu wengi wakikaa pamoja na kuzungumza. Lakini msimu wao ni Novemba, na tena kidogo mwezi wa Aprili na Mei, nayo mipira mikubwa haifuati msimu wa nsenene. Tena mwenye nyumba akumbuke kwamba wako Waganda wa ukoo wa Nsenene, ambao mzizo wao ndiyo hiyo, wala hawaili. Ndiyo maana nimesema juu ya ukoo. Vivyo hivyo, kama kuna nyama, na iwe imechinjwa kwa namna ambayo rafiki zetu Waislamu watakula bila kuuliza. Kumlazimisha mgeni aulize mbele za watu ni kumtia aibu, hata kama jibu ni zuri. Sinia ya muhogo, karanga, chapati na kabalagala haihitaji swali lolote, nami naona hilo ni jambo kubwa katika nchi yenye watu wengi namna hii.

Wanaotaka nyama sitawakatalia. Ila ichomwe nje mapema, vipande vidogo visivyo na mfupa, na wachomaji wawe wavulana. Mfupa na goli havipatani. Niliona kijana akipigwa mgongoni wakati wengine wanaimba. Kwa sababu hiyo hiyo watoto wadogo wasipewe karanga, wapewe mandazi. Na nyama iliyobaki isikae mezani tangu saa moja ya jioni hadi saa nne katika joto, kisha watu wakaiita kiporo. Vyakula vikavu nilivyovitaja havina hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu nyingine ya kuvipendelea.

Chai iwekwe katika chupa zake tangu mapema, vikombe vipangwe pembeni, kila mtu ajimiminie. Munanansi ya maganda ya mananasi na tangawizi hupikwa jana yake, hugharimu karibu bure, na wageni huisifu kuliko soda. Juu ya bia sisemi neno, maana gazeti hili husomwa na walio kidato cha kwanza.

Kuna wazee wa chama chetu cha wanafunzi wa zamani ambao nimekwisha kuwaeleza haya kwa mdomo, nao wakanijibu kwamba mgeni haheshimiwi kwa muhogo. Mgeni, walisema, ni matoke na luwombo. Nawastahi, wala sibishani nao juu ya luwombo. Lakini luwombo ni chakula kinachotaka kutazamwa. Jani linafunguliwa, mvuke unatoka, watu wananyamaza, wanasifu. Matoke yakipoa yamekwisha heshima yake. Kumpa mtu chakula cha namna hiyo wakati macho yake yako Namboole ni kumdharau mpishi. Arusi ziko, Krismasi iko, Idi iko, na wageni wa mahari wako. Siku hizo tukae chini tule kwa adabu yote. Mzee mmoja alinyamaza kidogo akasema, "Hata hivyo muhogo tulikula wakati wa njaa." Hilo sikuwa na jibu lake, na mpaka leo silo nalo. Najua tu kwamba wageni wangu waliumaliza.

Maana baada ya siku ile ya Afrika Kusini tulijaribu tena. Robo fainali ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Agosti, sisi na Senegal, mahali pale pale. Safari hii niliwaambia wageni waziwazi: kila mmoja alete kitu kimoja kinacholiwa kwa mkono, nami nitatoa muhogo na chai. Nilikuwa na hofu wataniona bakhili. Bwana wa Kisumu akaleta mandazi katika ndoo ndogo yenye kifuniko. Walugbara wakaleta karanga na ufuta uliokaangwa na kuchanganywa na asali. Mnyankole akaleta maziwa mgando, ambayo hayaliwi kwa mkono hata mmoja, tukamsamehe.

Muhogo nilimenya mimi. Kwa ninyi mlioko shuleni nataka niseme neno hapa. Katika shule hii kila mvulana huosha sahani yake mwenyewe, hufua shati lake, na hufagia bweni kwa zamu, wala hakuna aliyekufa kwa kazi hiyo. Likizo inapofika, mvulana yule yule hushuka katika basi, huingia nyumbani kwao, na mikono yake inapooza mlangoni. Dada yake aliyetoka shule kama yeye, kwa basi kama lile, huingia jikoni moja kwa moja. Mimi nilikuwa hivyo miaka yote sita. Kumenya kilo saba za muhogo kulinichukua saa nzima na kunikata kidole, nikaelewa mambo kadha wa kadha.

Kufikia saa kumi na mbili na nusu kila kitu kilikuwa tayari, sinia mbili zimefunikwa kwa majani, jagi la maji na beseni ya kunawia mlangoni. Mpira ulipoanza nilihesabu watu sebuleni: kumi na saba, na jikoni hakuna mtu. Mke wangu alikaa katika kiti changu. Mdogo wangu alikaa chini, mbele kabisa, na hakutuacha tupumue. Alituonyesha jinsi beki wetu wa kulia alivyopanda mno, na jinsi kiungo wao alivyokuwa akitazama upande mmoja na kupiga upande wa pili. Watu wazima wakaanza kumwuliza yeye badala ya kumsikiliza mtangazaji.

Tulifungwa bao 1 kwa 0, katika kipindi cha pili. Usiku uliotangulia Tanzania walikuwa wamefungwa na Morocco vile vile 1 kwa 0, na Kenya wametolewa na Madagascar kwa penalti, basi wenyeji wote watatu tukawa tumekwisha safari katika muda wa siku mbili. Fainali ya tarehe 30, Morocco walipowafunga Madagascar 3 kwa 2 pale Nairobi, tuliitazama tu kama majirani. Nchi hizi tatu zilipewa pia, mwaka 2023, haki ya kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, nami nimekwisha kuanza kumwuliza muuza makaa habari za makaa makavu.

Lakini usiku ule wa Senegal hakuna aliyekuwa na maneno. Wageni walikaa wakimaliza karanga moja moja bila kutazamana. Sinia zilikuwa mbili tu, nikaziosha mimi pamoja na bwana wa Kisumu, kwa muda wa dakika tano. Tuliporudi sebuleni tulimkuta mdogo wangu amepanga maganda ya mayai mkekani, kumi na moja upande huu na kumi na moja upande ule, akimwonyesha mke wangu bao lilivyopatikana.